Kielelezo Kisichotakiwa Kukua

Kila asubuhi, kabla hajamsalimia binadamu yeyote, Shangazi huingiza mkono chini ya kuku, huchomoa yai moja, hulifuta kwa pindo la koti lake la kazi na kuliinua mbele ya balbu ya ghala. Hufumba jicho moja. Wakati huo hataki kusemeshwa. Akiona ndani ya yai mishipa myembamba iliyotawanyika kama mizizi, husema, "Haya, lala," na kulirudisha lilikotoka. Asipoona kitu husema, "Viza," kwa sauti ya mtu aliyefika ofisini akakuta kufuli. Baada ya hapo ndipo hugeukia mlangoni, niliposimama na kikombe chake cha chai, na kuniuliza nimeamkaje.

Shangazi si mfugaji. Ni mtunza ghala wa forodha kwenye lango la mpaka, mwajiriwa wa serikali mwenye kitambulisho ambacho picha yake ina nywele nyingi kuliko alizo nazo sasa. Kuku anaowalea si wake, si wa serikali, wala si wa mtu yeyote anayejulikana. Ni kielelezo. Kuna kesi kati ya nchi yetu na nchi jirani, na kuku hao ndio ushahidi. Tatizo ni kwamba katika karatasi za kesi bado hawajawa kuku.

Mambo yalianza nilipokuwa sekondari. Lori kutoka ng'ambo lilifika langoni limebeba vifaranga wa siku moja, wamepangwa katika maboksi yenye matundu, kelele kama za uwanja wa mpira. Karatasi zilikuwa sawa. Dereva alikuwa ameshawasha gari aondoke pale kifaranga mmoja alipopiga chafya. Angalau ndivyo alivyosikia Bwana Mfawidhi, mkuu wa lango, mtu mrefu na mpole ambaye akikosa sheria ya kufuata huizunguka meza yake mpaka aipate. Alilizuia lori kwa tuhuma za mafua. Dereva akaapa mbele ya foleni nzima kwamba aliyepiga chafya ni Bwana Mfawidhi mwenyewe, kwa vumbi la maranda yaliyotandikwa ndani ya maboksi. Mpaka leo hilo ndilo swali kuu la kesi: nani alipiga chafya?

Nchi jirani haikukubali kudharauliwa. Wiki hiyohiyo ikazuia lori letu la magodoro, ikidai ni membamba kuliko ilivyoandikwa kwenye lebo. Sisi tukasema yalikuwa na unene wake kamili mpaka maofisa wao walipoyakalia wakati wa kuyapima. Wao wakasema tumewatukana makalio. Ikaundwa Tume ya Pamoja ya kusuluhisha. Jambo la kwanza ililofanya Tume ni kuamuru kwamba kila upande utunze kielelezo cha mwenzake katika hali kilivyopokelewa, hadi shauri litakapoamuliwa. Jambo la pili ni kuahirisha.

Kwa magodoro, amri hiyo haina taabu. Godoro ukiliacha kwenye nailoni yake, litakukuta na kukuacha. Lakini Shangazi alikabidhiwa viumbe wanaokula. Haikupita muda akaenda kugonga mlango wa mkuu wake.

"Mkuu, hawa watoto wanaota manyoya."

"Wazuie."

"Niwazuie kwa nini? Kwa mkono?"

Bwana Mfawidhi akaanza kuizunguka meza. "Amri inasema katika hali walivyopokelewa. Walipokelewa wakiwa wa siku moja."

"Na kesho watakuwa wa wiki."

"Mama, usiniletee mambo ya kesho. Kesho ni kazi ya makao makuu."

Makao makuu yaliulizwa, yakajibu kuwa mtunza ghala achukue hatua stahiki. Shangazi husema hakuna maneno yaliyowahi kumnyima usingizi kama hayo mawili. Alikaa nayo miezi, huku stahiki yenyewe ikiota upanga kichwani na kuanza kuwika.

Jibu lilitoka kwenye jokofu. Ghala lile limejaa vitu vilivyokamatwa zamani ambavyo hakuna aliyerudi kuvidai: matairi, madumu ya rangi iliyoganda, feni zisizo na mabawa, na jokofu moja kubwa lisilo na mlango. Kuku mmoja alijificha humo akaatamia kimyakimya, na asubuhi moja Shangazi akasikia sauti aliyokuwa ameshaisahau. Alichungulia. Walikuwa wamekaa juu ya rafu ya mboga, bado wana unyevu, kila mmoja sawasawa na alivyoelezwa kwenye karatasi za Tume.

"Nilikaa juu ya tairi nikacheka peke yangu," aliniambia. "Nikasema, kumbe! Serikali inataka vifaranga wa siku moja. Haijasema wale wale."

Tangu siku hiyo aliijua kazi yake. Tume ikitangaza tarehe ya kikao, yeye huhesabu wiki tatu kurudi nyuma na kuatamisha mayai, ili siku ya kikao kielelezo kiwepo mezani katika hali kilivyopokelewa. Tarehe hutangazwa, mayai huatamiwa, vifaranga huanguliwa, na kikao huahirishwa. Mara ya kwanza mjumbe mmoja alikuwa amesafiri. Mara ya pili ukumbi ulikuwa unapakwa rangi. Mara ya tatu ilionekana hakuna mkalimani, ingawa pande zote mbili zinazungumza lugha moja na hutaniana kwayo kila siku. Tume ina uwezo wa kuahirishwa, kifaranga hana. Kila kikao kilichokufa kimeacha kundi la kuku nyuma yake, na Shangazi huwaita kwa sababu zao. Wale weupe ni Rangi ya Ukumbi. Wenye kishungi ni Mjumbe Kasafiri. Yupo jogoo mmoja mkorofi, mwekundu, anayemparura kila afisa mwenye viatu vipya. Huyo ni Mkalimani.

Kuwachinja hairuhusiwi, maana kula kielelezo ni kuharibu ushahidi. Kuwauza hairuhusiwi, maana hawana mwenyewe. Kuwafukuza nako ni kazi bure, wanarudi jioni. Makao makuu huleta chakula cha vifaranga tu, kile cha unga laini, kwa kuwa ndivyo fungu lilivyoandikwa, basi majogoo wenye kucha kama ndoano hudonoa uji wa watoto na kumtazama Shangazi kwa lawama. Wasafiri wanaopanga foleni ya kugonga mihuri husimama katikati yao. Kuku mmoja alitagia ndani ya mkoba wa mwalimu aliyekuwa akienda kwenye semina, na yule mwalimu alizuiwa langoni mpaka mchana kwa kosa la kutaka kuvusha sehemu ya kielelezo.

Kama ingekuwa ni kuku peke yao, nadhani Shangazi angevumilia mpaka kustaafu. Lakini kuna Bwana Godoro.

Bwana Godoro ni mtunza ghala wa upande wa pili, yule mwenye magodoro yetu. Ni mjane kama Shangazi, mfupi, mwenye sauti nzito isiyofanana na kimo chake. Amepangiwa chumba kimoja na magodoro hayo. Yamejaa hadi darini, nailoni yake inang'aa, na yeye hulala chini kwenye mkeka mbele yake, kwa sababu akilalia hata moja litabonyea na nchi yake itashindwa kesi. Mgongo unamuuma. Daktari alimshauri atafute godoro.

Saa ya chai hukutana kwenye kizuizi, lile bomba refu lenye rangi nyekundu na nyeupe linalofunga barabara. Kila mmoja huja na kigoda chake na kukaa upande wake, na vikombe huviweka juu ya bomba. Likija lori, kila mtu hunyanyua kikombe, bomba linapanda, lori linapita, bomba linashuka, vikombe vinarudi mahali pake, na mazungumzo yanaendelea yalipokatikia.

"Mama Kuku," Bwana Godoro huanza, "yule Mkalimani wako amewika upande wangu tena alfajiri. Kibali chake kiko wapi?"

"Mkamate. Utapata kesi ya pili."

"Ya kwanza imenitosha. Magodoro yanakusalimu."

"Bado hujayalalia?"

"Nayalalia kwa macho."

"Basi usikonyeze sana, yatabonyea."

Siku moja, bomba likiwa juu na vikombe vikiwa mikononi, lori likipita katikati yao, Bwana Godoro alipaza sauti kuishinda injini: "Mama Kuku, mimi na wewe tuhamie upande mmoja!" Shangazi alingoja lori lipite. Bomba liliposhuka, aliweka kikombe chake upande wa Bwana Godoro. Utingo wa lori lililofuata alipiga makofi.

Watumishi wa serikali hawaoani hivihivi. Kila mmoja alimwarifu mkuu wake, wakuu wakaiarifu Tume, na Tume ambayo haikuwahi kujibu swali lolote kuhusu mayai ilijibu hili mara moja. Shahidi wa upande mmoja asiwe na uhusiano wa damu, ndoa wala biashara na shahidi wa upande wa pili mpaka shauri liamuliwe. Shangazi akaomba kuacha kazi. Akaambiwa anaruhusiwa, akishakabidhi kielelezo, na kielelezo hukabidhiwa siku ya hukumu.

Watu wengine posa zao hukwamishwa na wazazi. Ya Shangazi ilikwamishwa na chafya.

"Dada yangu ameposwa na kesi," baba alisema nyumbani, akicheka, lakini nilipomaliza chuo kikuu na kukaa bila kazi, yeye ndiye aliyenituma. "Nenda ukae naye. Atakuwa anaongea na mayai." Nilimkuta kweli anaongea na mayai. Pia nilimkuta ana gauni jipya, la buluu, limetundikwa kwenye feni isiyo na mabawa na kufunikwa gazeti lisidondokewe na kinyesi cha Rangi ya Ukumbi. Ng'ambo nako Bwana Godoro alikuwa ameshonesha suti. Alimwambia fundi aache nafasi kiunoni, kwa kuwa hajui kesi itaisha akiwa na tumbo gani.

Mwaka huu Tume ilitangaza tarehe, na safari hii kila mtu aliamini, kwa sababu choo cha langoni kilitengenezwa. Kwa miaka yote hakuna kikao kilichowahi kufika hatua ya choo. Ukumbi wa forodha ulifagiliwa, viti vikaja, na Bwana Mfawidhi akanunua leso. Shangazi aliatamisha mayai ndani ya jokofu na kwenye matairi, kisha kila asubuhi akayainua mbele ya balbu, moja moja, na siku hizo mayai viza yalikuwa machache. Usiku nilimsikia akilipiga pasi gauni lisilokuwa na kunyanzi.

Siku ya kikao, alfajiri, mayai yalianza kugongwa kwa ndani. Jua lilipochomoza maboksi yalikuwa tayari, maranda yametandikwa, vifaranga wamekauka na wanapiga kelele kama wenzao wa zamani. Shangazi alivaa gauni la buluu, juu yake koti la kazi. Alikwenda kusimama dirishani kuangalia barabara.

Tume ilikuja kutoka upande wa pili. Magari yao mawili yalisimama mbele ya kizuizi, na Bwana Mfawidhi akatoka na leso yake mpya kuwapokea. Tulimwona akiinama dirishani, akisoma kitu, akinyooka. Kisha tukamwona akianza kulizunguka gari.

Shangazi alitoka mbio.

"Mkuu, kuna nini?"

"Hawana kibali," alisema Bwana Mfawidhi, uso umemlegea kwa huzuni. "Wakati wa mgogoro, msafara rasmi unavuka kwa kibali maalumu."

"Kibali kinatolewa na nani?"

"Na Tume."

"Si ndio hawa?"

"Ndio hawa. Lakini hawajajipa."

Mwenyekiti wa Tume, bwana mnene mwenye miwani miwili shingoni, mmoja wa kusomea na mmoja wa kuonea watu, alikubali kwamba huo ndio utaratibu, aliuandika yeye. Wajumbe wakafanya kikao ndani ya gari na kujipa kibali kwa kauli moja. Ikabaki muhuri. Muhuri ulikuwa mjini, ofisini kwao.

"Waheshimiwa wangu," Shangazi alisema akiwa ameshika bomba kwa mikono miwili, "vifaranga wapo. Wa leo. Njooni tu muwaone, muhuri utakuja."

"Mama, bila muhuri sisi hatupo hapa," alisema Mwenyekiti kwa upole.

Kwa kuwa hawakuwepo, Bwana Godoro aliwaletea chai. Alikuwa ndani ya suti. Dereva mmoja akatumwa mjini, na wajumbe wakalala nyumba ya wageni ya ng'ambo. Shangazi alirudi ghalani, akakaa juu ya tairi na kuwatazama vifaranga wakikimbizana ndani ya boksi. Mmoja alikuwa ameshajifunza kuruka ukingo. Alimrudisha ndani. Akaruka tena.

Kesho yake muhuri ulifika, bomba likapanda, na Tume ikawa ipo. Ukumbi ulijaa. Upande mmoja alikaa Bwana Godoro na kipande cha godoro, sampuli iliyokuja na lori, magotini kama mtoto aliyepelekwa kliniki. Upande wa pili tulikaa sisi na boksi. Karani, kijana mwenye kalamu tatu, aliita shahidi, na Shangazi akala kiapo.

"Wewe ndiye mtunza kielelezo?" aliuliza Mwenyekiti.

"Ndiye mimi, mheshimiwa."

"Kiko katika hali kilivyopokelewa?"

Boksi likawekwa mezani. Mwenyekiti alivaa miwani ya kusomea, akamtazama kifaranga. Akaivua, akavaa ya kuonea watu, akamtazama tena. Nje ya dirisha Mkalimani aliwika, na nyuma yake kundi zima la kuku wa kesi hii lilikuwa likichakura maua ya ofisi. Hakuna mjumbe aliyegeuza shingo. Kuku hawakuwa kwenye karatasi.

"Vifaranga," Mwenyekiti alisema. Karani akaandika.

Hapo Bwana Mfawidhi, aliyekuwa amekaa karibu na boksi lenye maranda, alipiga chafya ambayo leso haikuwahi kuizuia.

Karani aliinua kalamu. "Niandike, mheshimiwa?"

Mwenyekiti alifikiri. "Andika kuwa chafya imesikika. Usiandike ya nani, tusije tukalitangulia shauri." Kisha akamgeukia Shangazi. "Kwa ajili ya kumbukumbu tu, mama. Wameanguliwa lini?"

Bwana Mfawidhi alikohoa, na ndani ya kikohozi hicho kulikuwa na neno "leo". Ng'ambo ya ukumbi Bwana Godoro aliweka kidole juu ya kipande cha godoro na kugonga mara moja, taratibu. Moja. Sema moja. Kifaranga wa siku moja na wa siku mbili hawatofautiani kwa mtu mwenye miwani miwili. Shangazi alimtazama Bwana Godoro, suti yake, kidole chake. Yule kifaranga mrukaji aliruka ukingo wa boksi akatua juu ya karatasi za Tume.

"Jana, mheshimiwa," alisema Shangazi. "Alfajiri. Siku mliyokwama kwenye bomba."

"Kwa hiyo ni wa siku mbili."

"Ni wa siku mbili."

"Amri inasema moja."

"Inasema moja."

Wajumbe walisogeza vichwa pamoja. Walinong'ona kwa muda mrefu kuliko walivyokaa kusikiliza. Kisha Mwenyekiti akavaa miwani ya kusomea na kutangaza kwamba kielelezo hakilingani na maelezo, hivyo shauri linaahirishwa hadi tarehe itakayotangazwa. Lakini ili utata wa umri usijitokeze tena, kuanzia sasa uanguaji ushuhudiwe na watunzaji wa pande zote mbili kwa pamoja, tangu yai linapoatamiwa hadi kifaranga anapotoka.

Bwana Godoro aliinua mkono. "Mheshimiwa, mimi siruhusiwi kuyaacha magodoro."

Vichwa vikakutana tena.

"Yaje nayo," alisema Mwenyekiti.

"Na ule mwiko wa uhusiano wa mashahidi?" aliuliza Bwana Mfawidhi, ambaye hakuwa na nia mbaya, alitaka tu kujua.

"Uko palepale."

Nje, kwenye bomba, vikombe havikuwekwa. Shangazi alisimama upande wake, Bwana Godoro upande wake.

"Umetuponza, Mama Kuku."

"Nilikula kiapo."

"Na mimi nilishona suti."

"Nimeiona. Imekukaa vizuri."

"Imekaa vizuri, itaenda wapi?" Alijitazama tumboni. "Siku moja tu. Ungenipunguzia siku moja tu."

"Angeniuliza kama ndio wale wale, ningesema sio. Hakuuliza. Alichouliza nimejibu." Alivuta pumzi. "Usininunie. Nina kuku wanaoninunia wa kutosha."

Bwana Godoro alinuna mpaka jioni. Kesho yake alianza kuhamisha magodoro.

Ilichukua lori zima na mabishano ya kutosha, kwani hakuna aliyejua kama magodoro yetu yakirudi kwetu yanahesabika kuwa yameingizwa, yamerejeshwa au yametembelea. Bwana Mfawidhi alilizunguka lile rundo mara nyingi, mwisho akatoa chaki na kuchora mstari katikati ya ghala. Upande wa kuku ni nchi yetu. Upande wa magodoro, kwa ajili ya shauri hili tu, ni ng'ambo. Alipomaliza alijifuta jasho kwa leso na kusema hajawahi kufanya kazi ngumu namna hiyo tangu aajiriwe.

Tarehe mpya imetangazwa. Mayai yako chini ya kuku. Mchana Shangazi hushuhudia na Bwana Godoro hupumzika. Usiku Bwana Godoro hushuhudia na Shangazi huja kulala nyumbani kwake mwenyewe, vyumba viwili nyuma ya ofisi, ninapolala na mimi. Saa ya chai wanakaa na vigoda vyao huku na huku ya mstari, na kwa kuwa hakuna bomba, vikombe huviweka chini juu ya chaki yenyewe. Kila mara Mkalimani huvuka mstari akapanda juu ya magodoro, na Bwana Godoro humtazama kwa wivu.

"Shuka, we mpumbavu. Mimi mwenyewe sijapanda."

"Mwache. Yeye si shahidi," husema Shangazi.

Mimi nilianza kufikiri kwamba mambo yamepata suluhu yake yenyewe. Tume iliyowatenganisha imewaweka chumba kimoja kwa amri. Wanakunywa chai, wanataniana, wanagombana kuhusu nani ameacha mlango wazi, na mtu akipita nje angedhani ni mke na mume wa miaka mingi. Niliwaza kwamba huenda Shangazi hana haraka tena, kwamba mtu akingoja sana hufika mahali akaupenda ungojaji wenyewe. Nilizunguka na wazo hilo kama Bwana Mfawidhi na meza yake, bila kuthubutu kulitamka.

Leo asubuhi nilisimama mlangoni na kikombe. Bwana Godoro alikuwa ameketi kwenye mkeka wake, mgongo ameuegemeza hewani kwa sababu nyuma yake kuna nailoni. Shangazi alichomoa yai, akalifuta, akaliinua mbele ya balbu na kufumba jicho moja. Safari hii hakusema, "Haya, lala." Alinyoosha mkono juu ya mstari wa chaki na kumpa.

Bwana Godoro alilishika kwa vidole vyote kumi. Akaliinua kwenye mwanga na kufumba jicho, kisha akakumbuka Shangazi hufumba lipi, akalifumbua na kufumba lile jingine.

"Naona kitu," alisema.

"Unaona nini?"

"Sijui. Kinacheza."

"Ndiye huyo. Rudisha, atapata baridi."

Alilirudisha. Shangazi akaliingiza chini ya kuku, akanigeukia, akaniuliza nimeamkaje. Nilimpa chai yake na kumwuliza kama bado anataka kesi iishe.

"Nataka iishe," alisema. "Mimi nataka kuolewa, mwanangu, na yale magodoro nataka kuyalalia."